Kwa vijana wa Minnesota mnaomhukumu Dallas Turner

Vijana wangu,

Nawaandikia wote kwa pamoja kwa sababu neno hili si la mtu mmoja. Msimu wa 2024 ulipoisha, wengi wenu mlikuwa mmeshamzika Dallas Turner, mvamizi wa timu yetu ya Vikings kwenye NFL, ligi kuu ya mpira wa miguu wa Kimarekani. Saki, yaani kumwangusha mrusha mpira, tatu tu, mkasema, na kijana amechaguliwa wa 17 kwenye drafti ya kugawana wachezaji wapya, ametoka Chuo Kikuu cha Alabama na saki 10 na tuzo ya mchezaji bora wa ulinzi wa SEC, ligi ya vyuo vya kusini. Hasara tupu. Msimu uliofuata saki zikaongezeka, na sasa ni nyinyi hao hao mnaotuambia kwamba hakuna wa kumzuia. Hukumu zote mbili mmezitoa kwenye namba moja, na ndiyo nataka tuizungumzie.

Mvamizi ni mchezaji wa ulinzi anayemkimbilia kotabeki, yule mrusha mpira; akimwangusha nyuma ya mstari wa kuanzia mchezo kabla mpira haujatoka, hiyo ni saki. Wakimwangusha wawili, kila mmoja anaandikiwa nusu. NFL ilianza kuihesabu rasmi mwaka 1982. Ni namba nzuri, siikatai, lakini inaficha mengi. Mtu anaweza kumsumbua kotabeki mechi nzima, akamlazimisha kurusha mipira hovyo, akarudi nyumbani na sifuri. Mwingine akapata mbili kwa sababu kotabeki alikuwa anamkimbia mvamizi mwingine, akajipeleka mwenyewe mikononi mwake.

Sasa turudi 2024. Mbele ya Turner walikuwepo Jonathan Greenard, aliyemaliza na saki 12, na Andrew Van Ginkel, aliyemaliza na 11.5. Wote wawili walichaguliwa Pro Bowl, kikosi cha nyota wa ligi, na timu ilishinda mechi 14 kati ya 17. Kocha gani angewakalisha hao benchi ili kijana wa miaka 21 apate mazoezi? Turner aliingia kwa vipindi, akatoka. Kwa hiyo kabla hujauliza ana saki ngapi, uliza kwanza amesimama uwanjani mara ngapi. Greenard na Van Ginkel walipoumia msimu uliofuata, nafasi ikapatikana, na namba zikafuata. Hapo hakuna muujiza.

Na nyinyi ni watu wa hapa, mngepaswa kuyajua haya. Everson Griffen alichaguliwa na Vikings mwaka 2010, raundi ya nne, akakaa miaka minne nyuma ya wakubwa, akiwemo Jared Allen, ambaye mwaka 2011 peke yake alipata saki 22. Allen alipoondoka, Griffen akapewa nafasi 2014 na akapata 12. Danielle Hunter, mzaliwa wa Jamaica, alikuwa na saki 1.5 tu mwaka wake wa mwisho chuoni LSU. Watu walitazama ile 1.5. Vikings wakatazama urefu wa mikono na mwendo wa miguu, wakamchukua raundi ya tatu mwaka 2015, wakamkabidhi kwa kocha Andre Patterson. Mwaka wa kwanza saki 6, wa pili 12.5. Kule New York Giants, Michael Strahan alianza na saki moja mwaka 1993, na mwaka wake wa nne alikuwa na 5. Mwaka wa tano akapata 14, na 2001 akaweka rekodi ya ligi kwa 22.5. Kwa kipimo chenu angeshafukuzwa mapema sana.

Lakini sitaki mnielewe vibaya mkadhani nasema kila anayechelewa atafika. Vernon Gholston alichaguliwa wa 6 mwaka 2008, akaichezea timu ya Jets misimu mitatu, hakupata hata saki moja. Mwili alikuwa nao, mbio alikuwa nazo. Kwa hiyo subira peke yake si kipimo, lazima kuwe na kitu unachokiangalia wakati unasubiri.

Chukueni jaribio la tatu la wapinzani kusogeza mpira, yadi nane au zaidi zimebaki, kila mtu anajua mpira utarushwa. Msiufuate mpira. Mwangalieni Turner peke yake. Mpira ukitikisika, je, ameondoka wa kwanza kwenye mstari au wa tatu? Halafu tazameni mikono. Mbele yake kuna mlinzi wa kotabeki, mtu wa kilo zaidi ya 140 anayetaka kitu kimoja: kumwekea viganja kifuani. Akifanikiwa, yamekwisha. Chuoni mbio zilimtosha Turner, aliwapita walinzi wakiwa bado wanageuka. NFL mlinzi anarudi nyuma mapema, anamngoja pembeni, anamsukuma apitilize hadi nyuma ya kotabeki, na kwenye televisheni kijana anaonekana kama mtu aliyepotea njia.

Hapo ndipo mnapaswa kukodoa macho. Akipelekwa nje mara ya kwanza na ya pili, mara ya tatu anafanya nini? Anakata ndani? Anampiga mlinzi kifuani wakati huyo bado anarudi kinyumenyume, amesimama wima, hana msingi? Anaupiga mkono kabla haujamfikia, bega la ndani likashuka, akapinda kona bila kupunguza mwendo? Mimi naamini mikono kuliko kitu kingine chochote. Ikiwa mikono yake ya Novemba ni bora kuliko ya Septemba, kijana anakua, hata kama takwimu zimelala. Ikiwa mwaka wa tatu bado anakimbia ile njia moja ya nje, nitakuwa wa kwanza kusema kuna tatizo, hata akiwa na saki kumi.

Angalieni pia nani anatumwa kumsaidia mlinzi. Taiti endi, mpokeaji anayejipanga karibu na walinzi wa kotabeki, akianza kumbamiza Turner begani kabla ya kukimbia kupokea mpira, hiyo ni sifa aliyopewa na wapinzani. Hakuna anayetuma watu wawili kwa mtu asiyemwogopa.

Kuna mmoja wetu tuliyemhukumu hivi hivi. Daniel Adongo alitoka Kenya, akacheza raga Afrika Kusini na New Zealand, na mwaka 2013 Indianapolis Colts wakamsajili awe lainibeka wa nje, mvamizi kama Turner, akiwa na miaka 23, hajawahi kucheza mchezo huu. Alicheza mechi chache, zaidi kwenye vikosi vya mipira ya teke, na 2015 ikaisha. Watu wakasema Mkenya ameshindwa. Ziggy Ansah wa Ghana naye alianza ukubwani, mwaka 2010, lakini alianzia chuoni BYU. Alipata miaka mitatu ya kukosea kabla Detroit hawajamchagua wa 5 mwaka 2013, na msimu wa kwanza akapata saki 8. Adongo alitakiwa akosee ndani ya NFL yenyewe, ambako kosa moja linakupotezea kazi. Kuwapima hao wawili kwa mizani moja ni dhuluma.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu wadogo zenu wanasikiliza. Wapo wanaocheza nafasi hiyo hiyo kwenye timu za shule hapa Brooklyn Park na kwingineko, wana miaka 15, miguu imewatangulia akili. Wanawasikia mkimwita kijana wa watu takataka kwa sababu ya namba, na wao Ijumaa usiku wametoka uwanjani bila saki. Wakiwauliza wamechezaje, waambieni mlichokiona kwenye hatua zao na mikono yao. Kama hamkutazama, waambieni hivyo, na Ijumaa inayofuata mwende mkae mstari wa mbele.

Mzee wenu,
Brooklyn Park, Minnesota