Tutaanguka Wote: Barua kwa Binti Yangu Kabla ya Safari ya Theluji

Mwanangu kipenzi,

Nakuandikia saa tisa usiku. Wodi imetulia, wagonjwa wamelala isipokuwa bwana mmoja wa kitanda cha dirishani anayeomba maji kila nusu saa. Nimekuandikia kwa Kiswahili makusudi. Najua utasoma polepole, na ndivyo ninavyotaka, maana jana ulipobamiza mlango hukunipa nafasi hata ya kumaliza sentensi.

"Siendi. Nitawekwa na watoto wa chekechea, halafu nitakutana na mtu wa darasani kwetu." Hayo ndiyo maneno yako, nusu yake kwa Kijerumani. Nimeyasikia, na nitayajibu. Lakini kwanza kuna deni la mwaka juzi.

Ulipokuwa darasa la saba, wenzako wote walikwenda kambi ya skii, kuteleza kwenye theluji, wiki nzima, wewe ukabaki München. Nilikuambia hatuna pesa. Haikuwa kweli, mwanangu. Pesa zilikuwepo, babako alishazitia kwenye bahasha na kuandika jina lako juu. Aliyekataa ni mimi, na nilikataa kwa woga. Wiki ile ukapelekwa kukaa na darasa jingine, ukirudi nyumbani husemi kitu. Wenzako waliporudi walikuja na utani wa kwenye lifti ya kupandia mlimani ambao mpaka leo ukitajwa wewe unatabasamu tu. Nilikuwa naona. Nisamehe.

Unajua ninakofanya kazi, ila sijawahi kukueleza Januari ya hapa inavyokuwa. Jumapili jioni wanaletwa bado wamevaa suruali za skii, tikiti ya lifti inaning'inia kwenye zipu. Magoti ndiyo mengi: skii imekwenda kwake, mwili umekwenda kwake, kano ya katikati ya goti imekatika. Kuna mabega. Kuna kidole gumba, na hiki kilinishangaza nilipokuwa mgeni kazini: mtu anaanguka huku kaishika fimbo ya kutelezea, mkanda wa fimbo unalivuta gumba nje, kano yake inachanika. Kwa miaka kumi na moja nimewafundisha watu hawa kutembea na magongo kwenye korido hii hii. Basi nikawa kama mtu anayeijua bahari kwa waliozama peke yao. Waliorudi pwani salama hawapiti wodini kuniamkia.

Mwezi uliopita tulikuwa na bibi mmoja wa miaka sabini na kitu, goti limeshonwa. Namfunga bandeji, yeye ananiuliza lini ataruhusiwa kurudi kwenye theluji. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia ameteleza tangu ana miaka minne na hii ndiyo mara ya kwanza kulala hospitali. Tangu siku ile nikaanza kuwadodosa wauguzi wenzangu wanaoteleza: nani anaumia, na anaumia vipi? Wakanijibu karibu sawasawa. Anaumia aliyechoka akasema "mara moja ya mwisho" jioni. Anaumia aliyefuata marafiki kwenye mteremko uliomzidi. Anaumia aliyeazima skii za mtu na kuzivaa bila kurekebishwa. Nikaona kumbe mengi ya haya yanazuilika, nami nimekunyima wewe kwa sababu ya makosa ya wengine.

Kwa hiyo tunakwenda. Arubuni nimeshalipa, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ni Söll, Tirol, kijiji cha Austria kilicho chini ya mlima Hohe Salve. Kilele kimepita meta 1,800 na juu yake kuna kikanisa. Eneo zima lina njia za kuteleza zaidi ya kilometa 250, lakini usitishike, sisi tutahitaji meta mia mbili tu za mwanzo.

Tarehe nimezipangua mara nyingi kuliko ratiba ya zamu. Likizo yenu ya Februari inaanza Jumatatu tarehe 16, na Ramadhani inatarajiwa kuingia tarehe 18 au 19. Sitaki mtu ajifunze kuteleza akiwa amefunga. Basi tutaondoka Jumamosi tarehe 14, mtasoma Jumapili, Jumatatu na Jumanne, na Jumanne jioni tuko njiani kurudi. Wenye nyumba wengi huko msimu huu wanakodisha Jumamosi kwa Jumamosi tu, niligonga milango mingi mpaka nikampata mama mmoja aliyekubali siku tatu. Chumba ni kimoja, wewe na kakako mtalala kitanda cha ghorofa. Najua. Vumilia.

Sasa lile la chekechea. Nilipiga simu shule ya skii na swali langu la kwanza, kabla hata ya bei, lilikuwa hilo: mwanangu ana miaka kumi na nne, hajawahi kuvaa skii, mtamweka na nani? Wana kundi la vijana wanaoanza. Mwalimu ni kijana pia, na wote mlio hapo hamjui kitu. Mimi na babako tuko kundi la watu wazima, na nadhani mtatuona kutoka kwenu. Mtaniona nimekaa chini kwenye theluji nikiwa nimekunja sura. Una ruhusa ya kucheka, na picha moja, isizidi moja.

Jambo la kwanza litakalokukera ni buti. Nimekwenda dukani kujaribu, mwanangu, kile si kiatu, ni gamba la kobe. Ukisimama wima vidole vinagusa mbele, unadhani ni ndogo. Kunja magoti, sukuma muundi mbele: kisigino kinarudi nyuma na vidole vinapata nafasi. Hapo ndipo inapokaa sawa. Usiombe kubwa zaidi kwa sababu ya raha ya dukani, mguu ukicheza ndani skii haitakusikia. Na soksi ni pair moja tu, ndefu na nyembamba. Bibi yako kapiga simu kutoka Mombasa kuagiza muvae tatu tatu. Mwitikie "naam, bibi", kisha vaa moja. Zikiwa mbili zinakunjana, zinabana damu, na mguu unapata baridi zaidi.

La pili ni uzito, na hapa nakuomba sana. Fundi wa duka atakuuliza kilo zako, urefu, umri, na kama umewahi kuteleza. Hakuulizi kwa umbea. Kwa namba hizo na urefu wa soli ya buti ndipo anapokaza kile kishikizo kinachofunga buti kwenye skii, ili ukianguka kiachie mguu kabla goti halijapinda. Ukijipunguzia kilo kwa aibu, skii itachomoka mguuni bila sababu. Ukijiongezea, haitachomoka pale unapoihitaji ichomoke. Kakako na mimi tutatoka nje ukiwa unamtajia. Na mkanda wa fimbo, siku hizi tatu usiutie mkononi. Kwa ajili ya kidole gumba.

La tatu ni kichwa. Tirol haina sheria ya kumlazimisha mtoto kuvaa helmeti, nyumbani kwetu ipo. Nywele ulizonazo sasa hazitaingia: rasta nene na fundo kisogoni, helmeti itakaa juu kama chungu juu ya kata. Nimeongea na shangazi, atakuja Ijumaa baada ya Magharibi akusuke twende kilioni, mistari myembamba inayolala, ncha ziishie shingoni. Mimi mtandio wangu nimeshanunua mwembamba wa pamba unaobana.

Nguo zipo. Unakumbuka lile gulio la mitumba ya skii Novemba kwenye ukumbi wa michezo, uliponiambia hutaki hata kuingia? Niliingia. Ni soko la Kongowea la Mombasa tupu, isipokuwa hakuna anayepiga kelele za bei. Nimepata suruali mbili za kuzuia maji, glavu, na miwani. Suruali ya zambarau ni yangu, pumua. Skii, buti na helmeti tutakodi, maana mguu wako bado unakua na sijui kama utataka kurudi. Mafuta ya jua utapaka, na usiniambie sisi ni weusi. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya jua usoni, na nimeona midomo iliyobabuka ya kila rangi.

Mlimani watakufundisha pizza na chipsi, Wajerumani wenyewe ndivyo wanavyowafundisha watoto wao. Pizza ni ncha za mbele zikaribiane, visigino vitanuke, na hiyo ndiyo breki. Chipsi ni skii mbili sambamba, na hapo unakwenda. Ukiona unakwenda kasi usiyoitaka na pizza imekataa, kaa chini ubavuni. Usilalie mgongo na usinyooshe mkono kujizuia. Kusimama tena ndiko kazi: geuza skii zikae kukingama na mteremko, la sivyo utasimama na kuondoka saa hiyo hiyo. Rangi za njia huko, kutoka rahisi hadi ngumu, ni bluu, nyekundu na nyeusi. Ya kijani ni mambo ya Ufaransa. Sisi ni bluu, nukta. Na aliye chini yako ndiye mwenye njia, kwa kuwa hakuoni. Wa juu ndiye anayechagua apite wapi.

Hilo mwambie na kakako, maana mimi hanisikii. Yeye ameng'ang'ania snobodi. Tumekubaliana kwa masharti: vikinga vya viganja chini ya glavu, kwa sababu mwenye ubao mmoja huangukia mikono na makalio, na mwalimu wa kwake mwenyewe. Nimemwambia siku ya kwanza atakaa chini kuliko kusimama. Anadhani natania.

Kwa upande wa pesa, tikiti ya eneo zima kwa mtu mzima ni zaidi ya yuro 60 kwa siku, na anayeanza hana pa kuitumia. Tutalipia lifti za mazoezi tu, na mwalimu akisema mko tayari ndipo tununue kubwa. Wewe bei yako bado ni ya mtoto. Usikasirike, ni yuro nyingi hizo. Bima nimekata ya ziada, maana kadi yetu ya Ujerumani hailipi helikopta ya kukutoa mlimani Austria. Namba za kuokoa ziandike kwenye karatasi uitie mfukoni, simu huzima kwa baridi: 140 ya mlimani, 112 ya kila mahali. Babako yeye amefurahia kitu kimoja, kwamba kutoka mpakani mpaka njia ya kutokea ya Kufstein Süd hatuhitaji stika ya kulipia barabara kuu tangu Desemba 2019. Amenieleza mara nne. Kwenye vibanda vya huko juu uliza kuhusu nguruwe, na ile chapati nene iliyochanwachanwa, Kaiserschmarrn, uliza zabibu zake, mara nyingi wamezilowesha kwenye ramu.

Ulisema pia kwamba mchezo huu si wa watu kama sisi. Kisa cha Philip Boit, Mkenya aliyeteleza kwenye Olimpiki, unakijua, babako hukisimulia kila theluji ikianguka. Mimi nitakutajia msichana mwingine. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi mwaka 1998, ng'ambo tu ya kwetu, akaletwa Austria akiwa mdogo, na 2018 akateleza kwa bendera ya Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang. Sikutajii ili uwe yeye. Nakutajia kwa sababu nilipomsoma nilijiuliza mamake aliwaza nini siku ya kwanza alipomvalisha buti zile.

Bwana wa dirishani ananiita tena. Zamu inaisha saa kumi na mbili na nusu, nitapitia mikate. Kama bado hutaki kwenda, tukae jikoni tuongee, sitakulazimisha, ila shangazi lazima ajue kabla ya Alhamisi. Na mlango wa chumbani naomba usiubamize tena, bawaba ya juu imelegea na babako anasema ataitengeneza tangu Oktoba.

Mamako