Harambee ya Mgonjwa Ambaye Bado Hajaumia

Wapendwa washirika, majirani zetu wa Shauri Moyo na Gikomba, mafundi wa Kamukunji, na kila atakayetumiwa ujumbe huu kwa simu,

Bwana asifiwe. Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya ibada ya pili, tutafanya harambee hapa uwanjani mwa kanisa. Mmezoea kuona picha ya mgonjwa kwenye kadi zetu za mchango. Safari hii kadi haina picha, na wengi mmeshanisimamisha njiani mkiniuliza tunamchangia nani. Hata kwenye kamati swali hilo lilitumalizia vikao vitatu. Niruhusuni nilijibu polepole.

Mnamjua kijana wetu wa kwaya, yule wa sauti ya tatu, fundi wa masanduku. Amenikubalia nisimulie habari zake, ila ameomba nisimtaje jina. Ilikuwa Januari, msimu ambao Kamukunji hailali, nyundo usiku na mchana, kila mzazi akitaka sanduku la mtoto anayeripoti shule ya bweni. Bati lilimponyoka likamkata kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole kidogo. Wenzake walimfunga kitambaa wakamkimbiza kliniki ya karibu. Akasafishwa, akashonwa ngozi, akadungwa sindano ya pepopunda, akarudi nyumbani. Baada ya wiki mbili nyuzi zilitolewa na kidonda kikawa kimefunga vizuri. Tulimshukuru Mungu mbele ya kanisa zima, na mimi ndiye niliyeongoza maombi hayo.

Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza kama kidole kinasikia. Hakikuwa kinasikia. Aligundua mwenyewe asubuhi moja baada ya kuepua sufuria ya chai, alipoona malengelenge kidoleni na hakuwa amehisi moto. Kufikia Pasaka vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimejikunja kama kucha za mwewe, na mkasi wa bati ukawa haushikiki.

Hapo ndipo alipokwenda hospitali kubwa, akaambiwa neva, ule uzi wa mwilini unaopeleka hisia na kuiamuru misuli, imekatika. Nasi tukafanya tulilolijua: tukaitisha harambee. Kadi zikachapishwa, zikazunguka. Ahadi zikatolewa, kisha tukaanza kuzifuatilia ahadi, nanyi mnajua kazi hiyo ilivyo. Pesa zilitimia Novemba, akapasuliwa Desemba. Daktari alifanya kazi yake vyema. Sasa kidole kinasikia, kwa kiasi. Haungui tena bila kujua. Lakini misuli midogo ya kiganja haikuamka, na kazi ya bati ameiacha. Anauza kufuli na bawaba kando ya njia. Pesa tulizichanga zote, hata zikabaki za nauli. Tulichelewa tu.

Nilitaka kujua tulichelewa kwa nini na kwa kiasi gani, nikawauliza wanaojua na nikasoma. Mwaka 1850 mtafiti Augustus Waller alikata neva za ulimi wa chura akachunguza kinachofuata. Aliona kwamba nyuzi zote za neva zilizo mbele ya mkato hufa na kusambaratika, hata kama zenyewe hazikuguswa. Kinachobaki nyuma ni mifereji mitupu. Upande wa juu, ulio bado hai, huchipua na kuitafuta mifereji hiyo. Kazi ya daktari ni kuzikutanisha ncha mbili, chini ya hadubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele, ili machipukizi yasipotee njia. Yakishaingia huanza kutembea, na mwendo wake ni milimita 1 hivi kwa siku. Kutoka kifundo cha mkono hadi kwenye misuli ya kiganja ni miezi mitatu au minne. Kwa mwendesha boda aliyeangukia bega neva zikang'oka au kukatika huko juu, safari ya hadi mkononi hukaribia miaka miwili.

Muda wote huo misuli inangoja, na uvumilivu wake una kikomo. Ikikaa bila neva kwa mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu, hunyauka, ikaingiwa na mafuta na makovu. Neva ikifika baadaye haikuti kitu cha kuamsha. Sasa pigeni hesabu nami. Januari hadi Desemba, miezi 11, nyingi kati yake zikiwa za kadi zetu. Ongeza minne ya safari ya neva. Jumla 15. Hesabu hiyo niliifanya usiku kwenye daftari la kamati, na sikulala.

Kuna na jambo la pili. Ncha za neva iliyokatwa hurudi nyuma, kila moja kwake, kama mpira uliokatwa ukiwa umevutwa, kisha kovu likazikamata hapo. Zikiwahiwa siku za mwanzo, mara nyingi zinaweza kushonwa moja kwa moja. Zikichelewa, hazifikiani ila kwa kuvutwa, na ni Hanno Millesi wa Vienna, miaka ya 1960 na 1970, aliyeonyesha kwamba neva iliyoshonwa ikiwa imevutika haiponi sawasawa. Afadhali pengo lijazwe kwa kipande cha neva nyingine ya mgonjwa mwenyewe. Kipande cha kijana wetu kilitolewa nyuma ya mguu. Leo ana ganzi kando ya unyayo, kwenye mguu ambao haukuwa na kosa lolote.

Ndiyo maana kadi haina picha. Tukingoja tuwe na picha, tumeshachelewa tena.

Mji wetu si mgeni kwa upasuaji wa namna hii. Ndege za madaktari wa AMREF pale uwanja wa Wilson mnazijua. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1957 na Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, na wote watatu walikuwa madaktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Leo Chuo Kikuu cha Nairobi kinafunza madaktari wa fani hiyo hapa hapa. Wenye ujuzi wa kushona neva wapo, matatu moja au mbili kutoka Kamukunji. Kinachotuweka mbali nao ni pesa za kutanguliza na kutojua kwamba saa inakimbia.

Tunaomba shilingi 1,500,000 zikae benki zikingoja. Fundi, mama wa soko, mwendesha boda au mtoto atakayekatwa neva atatolewa kiasi cha kuanzia siku hiyo hiyo, bila kadi na bila kikao, kisha nauli za mazoezi ya mkono kwa miezi yote ya kungoja. Hautakuwa mkopo. Wala hatuwachagui washirika tu. Bati halimwulizi mtu anasali wapi. Mzee wetu mmoja, ninayemheshimu sana, alisema pesa zisizo na mwenyewe zina miguu. Alisema kweli. Kwa hiyo watatia sahihi watu watatu, mmoja wao kutoka kwa mafundi, na hesabu itasomwa mbele ya kanisa kila miezi mitatu. Tunajua paa linavuja. Litaitishiwa harambee yake; mfuko huu hautaguswa. Na kila mtu ahakikishe malipo yake ya SHA, bima ya afya ya serikali, hayajakatika, maana mfuko ni wa kuziba pengo tu.

Sehemu ndogo tumewatengea watoto waliozaliwa na mpasuko wa mdomo au kaakaa. Duniani ni takriban mtoto 1 kati ya 700. Upasuaji wao mara nyingi hugharamiwa na mashirika kama Smile Train, kwa hiyo sisi tutatoa nauli: kaakaa likishafungwa, mtoto bado huhitaji kurudi mara kwa mara kufundishwa kutamka, na mama mmoja wa Majengo aliacha kumpeleka mwanawe kwa kukosa nauli tu. Nawasihi pia tuache kuwaita watoto hawa majina ya wanyama. Mdomo huungana tumboni katika wiki saba za mwanzo, wakati mama wengine hata hawajajua kama wana mimba. Hakuna laana hapo.

Lipo na la bure, nalo lianze leo. Mtu akikatwa mkono, damu ikishazuiwa, afumbe macho mguse ncha ya kila kidole. Aseme ni kipi. Kisha atanue vidole. Kisha abane kipande cha gazeti kati ya kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, nanyi mvute. Kidole gumba kikijikunja nchani ili kukamata, neva ya upande wa kidole kidogo huenda imeumia. Kipimo hicho cha gazeti kilielezwa na Jules Froment, daktari Mfaransa, mwaka 1915, na kingali kinatumika. Vijana wataandika mabango ya kubandikwa kwenye vibanda. Kliniki ikishona ngozi bila kuuliza, ulizeni nyinyi.

Siku ya harambee leteni pia vitu vya mnada: kuku, mkungu wa ndizi, makarai, sufuria. Kijana wetu ametoa sanduku alilokuwa analikata siku aliyoumia. Wenzake wamelimalizia, yeye amelitia kufuli, na ndilo litakalonadiwa la kwanza. Nambari ya Paybill iko kwenye kadi na kwenye ubao mlangoni mwa kanisa. Wa mia mbili na wa elfu ishirini wote wataandikwa daftari moja.

Atakayekatwa kabla ya Jumapili hiyo asingoje. Amwamshe mzee wa mtaa wake usiku huo huo. Kamati imekubaliana kwamba zile shilingi za mwanzo zilizokwisha kuingia zianze kutumika.

Katibu, Kamati ya Harambee