Presha ya mkono iko sawa, mbona miguu inavimba?

Wengi wanaofika kwetu hapa Mwanza na karatasi ya kufanyiwa eko, yaani utrasaundi ya moyo, huanza kwa kusema, "Lakini presha yangu ni nzuri." Kweli ni nzuri. Mashine ya mkononi hupima damu inayosukumwa mwilini na upande wa kushoto wa moyo. Upande wa kulia hupeleka damu kwenye mapafu, nao una presha yake ambayo mashine ile haiioni.

Presha hiyo ikipanda, pumzi hukata kwenye kilima kidogo tu, na miguu huvimba. Ndiyo maana tunauliza mambo yanayowashangaza wateja: umewahi kuugua kichocho? TB? Una selimundu? Umekaanga samaki kwa kuni miaka mingapi? Yote haya yanaweza kuumiza mishipa ya mapafu. Valvu (mlango wa damu ndani ya moyo) ya kushoto iliyobana baada ya homa ya baridi yabisi nayo hurudisha mzigo hukohuko.

Eko haina sindano wala mionzi. Utalalia ubavu wa kushoto, tutapaka jeli kifuani. Valvu ya kulia mara nyingi huvujisha damu kidogo kurudi nyuma, na kasi ya damu hiyo ndiyo inayotupa hesabu. Ikiwa mita 3 kwa sekunde, tunazidisha 3 kwa 3, kisha kwa 4: tunapata 36, kwa kipimo kilekile cha presha ya mkono (mmHg). Juu yake tunaongeza presha ya chumba cha juu cha kulia cha moyo, tunayoikadiria kwenye mshipa mkubwa ulio karibu na ini. Ndipo utakaposikia, "Vuta pumzi puani, haraka!" Mshipa wenye afya hunywea. Kasi ikizidi 2.8 tunachunguza zaidi: je, chumba cha chini cha kulia kimetanuka? Misuli yake imechoka?

Hata hivyo, hili ni kadirio. Valvu isipovuja, hesabu haipatikani, na hiyo haimaanishi kwamba uko salama. Uhakika huletwa na mrija unaoingizwa hadi kwenye moyo, kazi ya hospitali kubwa kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Ripoti ikisema tu "moyo unasukuma vizuri", kwa kawaida inazungumzia kushoto. Tafadhali uliza kuhusu kulia, hata kama hukupimwa kwetu.

Huna haja ya kufunga kula. Meza dawa zako kama kawaida, na uje na ripoti za zamani ili tulinganishe.