Pesach Njema, Vijana Wetu

Ndugu zetu Wayahudi mlioko Mbale, Kampala, Nairobi na kule Kasuku, Nyandarua: hag sameach, sikukuu njema! Pesach, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri, inaingia na mvua yake. Njia ya kupanda Nabugoye, kilima chetu karibu na Mbale, ni tope tupu, na bodaboda wameshapandisha nauli.

Wiki hii vijana wamekuwa wakijifunza kuoka matza, mkate usiochachuka, maana wakati wa Pesach hatuli kilichochachuka. Tangu maji yaguse unga hadi mkate uive, zisipite dakika 18. Zikipita, unga umeanza kuchacha. Mwaka jana kuni zilikuwa mbichi. Mimi ndiye niliyeshika saa, nikawa nahangaika kupuliza moto. Kuja kutazama, dakika ya 23! Wasichana wakacheka, wakaligeuza donge lote chapati na kuwagawia majirani. (Zilikuwa zimebaki siku tatu kabla ya Pesach, msianze kunihesabia dhambi.) Mwaka huu kuni tulizianika mapema, na saa kapewa binti wa miaka 12 asiye na huruma.

Usiku wa seder, mlo wa kufungulia Pesach, ni wa watoto. Mdogo wa mezani ndiye anayefungua: mbona usiku huu si kama usiku mwingine? Mzee hasimulii habari za Misri mpaka aulizwe. Hata anayekula seder peke yake hujiuliza mwenyewe. Ndiyo maana vipindi vya vijana tumevipunguzia mihadhara.

Juzi kijana mmoja aliuliza kwa nini babu zake walisali chumbani, madirisha yamefungwa. Jibu lilikula jioni nzima. Idi Amin alipoitawala Uganda alipiga marufuku dini yetu ya Kiyahudi. Wengi wakaingia Ukristo au Uislamu, wachache wakabaki wakisali kwa kujificha. Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, yakaiteka Kampala. Jioni ile ile Pesach ikaingia. Basi sisi habari ya kutoka utumwani tunayo ya kwetu, na walioiona bado tunakaa nao.

Na waliofufua jumuiya mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa vijana kama nyinyi. Walihamia hapa kilimani, wakaishi pamoja, makazi yao wakayaita kibutzi, kama vijiji vya ujamaa vya Israeli. Mmoja wao, Gershom Sizomu, baadaye alisomea urabi Los Angeles na kuwekwa rasmi mwaka 2008. Siku hizi tukipanga hata kambi ya siku mbili, la kwanza kuulizwa ni mfadhili nani. Nasema kwa upendo, lakini nasema.

Karibuni seder. Haroseti yetu, ule mchanganyiko mtamu wa mezani, ni ya karanga, ndizi mbivu na asali, na kinu kiko tayari. Kila mmoja aje na swali lake, hata lile analoogopa kumuuliza mzazi. Wale wadogo wameanza kupeleleza tutaficha wapi afikomani, kile kipande cha matza cha kutafutwa na watoto; msiwaambie. Mlango tutauacha wazi kwa nabii Eliya, na kwa yeyote aliyekwama kwenye tope.