Stara isiishie kwenye kanga ya mlangoni

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa rohoni tangu Jumapili. Misa ya pili, binti wa kama miaka kumi na sita hivi kafika mlangoni na gauni lisilo na mikono, mama mmoja mhudumu akamvuta akamfunga kanga mabegani mbele ya watu huku anamsema kwa sauti, mtoto akageuka akaondoka analia, kanga imebaki kwenye ngazi. Na muda huo huo kuna vijana wa kiume wamekaa kwenye pikipiki pale nje wanawakagua wasichana juu mpaka chini, hakuna aliyewagusa.

Mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa, stara naipenda na kanga siipingi. Ila Katekisimu yetu inaifundisha stara kwenye amri ya tisa, ile ya usafi wa moyo, na namba 2524 inasema kabisa kuwa stara inachukua sura tofauti kwa kila utamaduni. Sasa jicho la yule wa kwenye pikipiki mbona halina kesi?

Halafu watu wanadhani sisi na Waprotestanti tunatofautiana mavazi. Jamani, Walokole wengi wanajisitiri kutuzidi! Mume wangu ni Mlutheri, tulifunga ndoa ya mseto kwa kibali cha askofu, tofauti tumeikuta chumbani wala si kabatini. Kwake yeye sindano au kitanzi cha kuzuia mimba ni makubaliano ya mke na mume na dhamiri zao, kwangu mimi kuna Humanae Vitae, waraka wa Papa Paulo VI wa 1968, kwamba tendo la ndoa lisizibiwe njia ya uzazi, basi tunahesabu siku na kuangalia ute, zikifika siku zenyewe tunajizuia wote wawili, na si rahisi hata kidogo. Zamani hata makanisa ya Kiprotestanti yalikuwa yanakataa vizuia mimba, mpaka Waanglikana walipolegeza kwenye mkutano wa maaskofu wao wa Lambeth 1930, na Papa Pius XI akajibu kwa kuvikataa Desemba ya mwaka huo huo.

Haya ndiyo vijana wetu wanatakiwa kukalishwa chini waambiwe, wavulana kwa wasichana, tena kwa upole.

Mama mhudumu, kama unasoma gazeti hili nakuomba kwa heshima umfuate yule binti kwao. Kanga niliiokota, ninayo nyumbani.

Mama wa jumuiya, Moshi