Risala ya Kikundi cha Kupanda Mikoko kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, viongozi wa kata na kijiji, wazee wetu, mabibi na mabwana.

Karibu sana delta ya Rufiji. Maji yakipwa boti yako itakwama, kwa hiyo historia tunaifupisha: tulianza kwa kupanda mikoko kwenye mashamba ya mpunga yaliyoachwa, na leo kitalu chetu cha mkoko na mkandaa ni cha kupigiwa mfano kata nzima (kwa sasa ndicho pekee).

Mafanikio makubwa zaidi, Mheshimiwa, ni kwamba vijana wetu wanalitambua kangaga la mikokoni, Acrostichum aureum, gugu linaloua miche yetu, bila kubahatisha. Jani hufika mita 2 hadi 3. Vijani vyake ni vigumu kama ngozi, kingo hazina meno, na ukikiinua kimoja juani unaona mishipa iliyosukana. Geuza vya kileleni kwenye jani pevu: chini pametanda rangi ya kutu kote, si vidoa vilivyopangana. Mche wa mkindu hupotosha wengi, ila vijani vyake vina mkunjo wa urefu, na vya chini ni miiba.

Shida ni kangaga changa, halina kutu. Hapo mtu hung'oa mkindu, kangaga likabaki, likaziba mwanga na mche wa mkoko ukafa. Mwingine hufyeka majani tu. Shina likibaki topeni linachipua tena. Ndiyo maana tunatunza sampuli za kulinganisha: jani changa, jani pevu na kitako cha shina chenye magamba. Jani tunalikata vipande 3, tunalibana magazetini na kubadilisha magazeti kila siku, la sivyo linakuwa jeusi. Halafu, Mheshimiwa, tunaziweka chini ya meza. Masika yakiingia ukungu unazila, kutu inapukutika, na tunaanza upya.

Tunaomba kabati 1 la chuma, mlango ufunge sawasawa, rafu ziwe na kina cha sentimita 45.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi aliyepita aliliahidi hapa hapa, tukampigia makofi na kumfungia kamba wa kupeleka nyumbani. Aliyemtangulia aliahidi pia. Tunaamini ni wingi wa majukumu. Safari hii vipimo tumeviandika, nakala anayo katibu wako, na nafasi ya tarehe tumeiacha wazi uijaze mwenyewe kabla ya chakula.

Tunaomba kuwasilisha.