Msimnyang'anye mtoto pampu yake: barua kwa wazazi wa watoto wenye pumu

Wanangu mnaolea watoto wenye pumu, wa Mbagala, Tandale, Buguruni, Gongo la Mboto na kote mlikotapakaa jijini Dar es Salaam,

Nawasalimu. Desturi inanitaka niulize kwanza habari za nyumbani, lakini leo nina hasira, na nikianza na salamu ndefu nitasahau kilichonikalisha chini kuandika.

Nilikuwa kwenye harusi Mbagala. Turubai limefungwa uani, ndani bi harusi anafukizwa udi, chetezo kinapita chumba hadi chumba. Mtoto wa kike, kama wa miaka sita hivi, akaanza kukohoa, kile kikohozi kikavu kisichopumzika. Mama yake, binti mdogo tu, akamtoa kibarazani, akafungua mkoba na kutoa pampu ya bluu. Hakuwahi hata kuitikisa, mashangazi walishamzunguka. "Unamzoesha!" "Akishaizoea hiyo ndiyo basi tena, hatatembea bila pampu." "Mpe maji ya moto, umchue kifua." Binti akairudisha pampu mkobani, kwa ile adabu tuliyomfundisha sisi wenyewe. Mtoto akalazwa chali mkekani, akachuliwa, akapepewa kwa khanga. Mimi naitwa kutoka uani, nakuta mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, na kishimo cha chini ya shingo kinabonyea.

Nikamkalisha. Nikachukua chupa ya maji ya nusu lita waliyoandaliwa wageni, nikaimwaga, nikatoboa kitako chake kwa kisu cha jikoni, nikachomeka mdomo wa pampu kwenye tundu na kuziba pembeni kwa vidole. Mdomo wa chupa ukaingia kinywani mwa mtoto. Puliza mara moja, avute na kutoa pumzi mara nne. Puliza tena, pumzi nne. Ilipofika mipulizo minne tukasubiri, tukarudia. Baadaye kidogo akalia kwa sauti kubwa, na kilio kile kilinifurahisha, maana asiye na hewa hawezi kulia hivyo. Bajaji ikaitwa, akapelekwa hospitali, kwa kuwa nafuu ya kibarazani haimaanishi shambulio limekwisha. Shangazi mmoja bado alikuwa ananung'unika kwamba sasa mtoto ndiyo keshaharibiwa.

Nimeuguza watoto mpaka nikastaafu, na neno hilo la kuzoesha limenichosha kuliko zamu za usiku. Basi nisikilizeni.

Pumu ikimshika mtoto, misuli inayozunguka njia ndogo za hewa inakaza, ukuta wa ndani unavimba, na makohozi mazito yanaziba nafasi iliyobaki. Pampu ya bluu, salbutamol, inalegeza ile misuli kwa dakika chache. Uvimbe haiugusi. Kwa hiyo mtoto anayeililia pampu ya bluu kila siku hajaizoea. Uvimbe wake haujatibiwa. Akiihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, au akiamka usiku kwa kukohoa, dalili hiyo inawatuma kliniki, haiwatumi kuficha dawa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 pumu iliua watu 455,000, wengi wao katika nchi za kipato kama chetu. Hawa hawakufa kwa kuzoea pampu. Wengi walikosa matibabu au hawakutibiwa inavyopaswa.

Uvimbe una dawa yake, pampu ya kinga, kama beclomethasone, mara nyingi ya rangi ya kahawia ingawa viwanda vinatofautiana, hivyo someni jina. Hii inatumika kila siku kama ilivyoandikwa, hata mtoto akiwa anacheza mpira na hana hata mafua. Hapo ndipo mnaponikera. Mnaniambia, "Bibi, niliiacha, niliona haifanyi kitu." Chandarua unakitundika kabla ya mbu kuuma, hukisubirishi mpaka homa ipande. Pampu ya kinga ni hivyo hivyo, na mtoto asukutue kinywa kila baada ya kuitumia ili asipate utando mweupe wa fangasi ulimini. Wakubwa nao wasijisahau: tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haushauri tena mtu mzima au kijana wa kuanzia miaka 12 atibiwe kwa pampu ya bluu peke yake.

Na kinachonishangaza zaidi ni hiki. Watu wale wale wanaoogopa pampu ndio wanaomtuma mtoto duka la dawa akanunue vidonge vya salbutamol, kwa kuwa kidonge kimezoeleka machoni. Tufanye hesabu. Mpulizo mmoja wa pampu ya bluu una mikrogramu 100 za salbutamol. Kidonge cha miligramu 2 kina dawa ile ile sawa na mipulizo 20. Inapita tumboni, inazunguka mwili mzima, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, na kifuani inafika imechelewa. Kiasi kidogo kinachokwenda moja kwa moja mahali panapouma ndicho mnachokiita sumu, na kikubwa kinachozurura mwilini mnakiita dawa ya kawaida. Na muuza duka naye, badala ya kuuliza, anaongeza kopo la antibayotiki juu yake, mwezi huu na mwezi ujao.

Kwa hiyo mimi, mzee, nawapa ruhusa ambayo wazee wenzangu hawatawapa. Mama mkwe akisema weka hiyo pampu, mwambie, "Naam mama, nimekusikia," huku mkono unatikisa pampu. Ugomvi utasuluhishwa jioni. Adabu yenu tunaihitaji kwenye mengine mengi, hapa hapana.

Nirudi kwenye chupa, maana najua wengine mmeguna mkidhani ni ufundi wa uswahilini. Pampu ikipulizwa moja kwa moja kinywani mwa mtoto, dawa nyingi inaishia ulimini na kooni. Inahitaji chumba cha kupumzikia kidogo ili mtoto aivute polepole. Famasi wanauza kifaa cha kazi hiyo, na kwa mdogo asiyeweza kubana mdomo kipo chenye kinyago cha kufunika pua na kinywa. Mwenye uwezo anunue. Asiyenacho, chupa ya nusu lita inatosha. Madaktari wa Cape Town waliipima kwa watoto waliobanwa, wakachapisha katika jarida la Lancet mwaka 1999: chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na kifaa cha dukani, kikombe walichokijaribu pia kikabaki nyuma. Kwa hiyo siri iko kwenye kuziba. Tundu la kitakoni likae sawasawa na mdomo wa pampu, mzungushie plasta hewa isipenye. Mpulizo mmoja kwa wakati, msimimine mitatu pamoja kama mnapulizia mende. Chupa ioshwe kwa maji ya sabuni na iachwe ikauke yenyewe bila kufutwa kwa kitambaa.

Pampu nyingi za salbutamol zina mipulizo 200. Kutikisa na kusikia kitu kikicheza ndani si ushahidi kwamba dawa ipo, kwa sababu gesi inayoisukuma inaweza kubaki dawa ikiwa imekwisha. Wala msiitumbukize majini kuona kama inaelea. Kama haina kihesabio, andikeni tarehe mliyoifungua na mhesabu.

Sasa hatari. Mtoto asiyeweza kumaliza sentensi, mchanga anayeshindwa kunyonya, ulimi au fizi zinazogeuka rangi, mbavu zinazoingia ndani, usingizi wa ajabu: hospitali mara moja, iwe zahanati iliyo jirani au Amana, Temeke, Mwananyamala, kokote mtakakofika upesi, na njiani mnaendelea kumpulizia. Na hili lishikeni sana. Kifua kilichokuwa kinapiga miluzi kikinyamaza ghafla huku mtoto bado anahangaika, msimshukuru Mungu mapema. Hewa haipiti, ndiyo maana hakuna sauti. Nimewaona wazazi wakimfunika mtoto wa namna hiyo shuka wakisema angalau sasa ametulia. Msilale.

Walimu, nanyi nina neno nanyi. Kuna shule moja hapa mjini, jina naliacha, pampu za watoto zinafungiwa kabati la ofisini pamoja na chaki, na mwenye ufunguo alikuwa semina siku mtoto alipobanwa. Mwenzake wa darasani alikimbia nyumbani kuleta nyingine. Sikilizeni: mtoto anayejua kuitumia abaki nayo mfukoni, mdogo ibaki kwa mwalimu wa darasa, mezani, bila kufuli. Pampu hailevyi mtu. Na acheni kumkalisha mtoto wa pumu kivulini kila kipindi cha michezo. Paula Radcliffe wa Uingereza ana pumu tangu utotoni, na mwaka 2003 aliweka rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake iliyodumu mpaka 2019, alipoivunja Brigid Kosgei, jirani yetu wa Kenya, kule Chicago. Mtoto ambaye pumu yake imedhibitiwa anakimbia, na kama daktari ameelekeza anavuta pampu ya bluu dakika kumi au kumi na tano kabla.

Ya nyumbani mnayajua, sitayarefusha. Udi na ubani visifukizwe chumba anacholala. Dawa ya mbu ya kuchoma iacheni, tumieni chandarua. Sigara nje, na nje maana yake si mlangoni. Mende wauawe, mabaki ya chakula yafunikwe, kwa kuwa kinyesi cha mende kinawasha vifua vya watoto wengi wa mjini. Godoro lianikwe juani, mashuka yafuliwe kila wiki kwa maji ya moto, ukuta wenye fangasi baada ya masika usuguliwe mtoto akiwa kwa jirani. Mafua ndiyo yanayoamsha pumu ya watoto mara nyingi kuliko yote, basi akianza mafua hakikisheni pampu ziko wapi.

Moshi wa jikoni peke yake nauongezea maneno. Nyumba nyingi mtungi wa gesi wa kilo sita upo, lakini ni wa chai na mayai. Maharage yanarudi kwenye jiko la mkaa, na jiko la mkaa mvua ikinyesha linarudi koridoni. Najua sababu, maharage yanakula gesi. Yaloweke tangu usiku, yatakula kidogo. Serikali mwaka 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Vizuri. Lakini mtoto aliye darasa la kwanza leo atakuwa amemaliza sehemu kubwa ya utoto wake kabla mkakati haujamaliza muda wake, na mtaani kwake jirani anachoma pampasi na mifuko kila jioni huku mjumbe anapita na kusalimia. Halafu pampu ya kinga mtaikosa mara nyingi kwenye zahanati ya karibu, mtaambiwa mkanunue. Lipelekeni hilo kwenye mikutano ya mtaa kama mnavyopeleka la maji na barabara. Mbona la kifua cha mtoto mnaliona la aibu? Pumu haiambukizi kwa kikombe wala haikutumwa na mtu.

Akina baba, nawauliza swali dogo: pampu ya mwanao iko wapi sasa hivi, na ina mipulizo mingapi? Kama jibu ni "mama yake anajua", usiku mama akiwa safarini itakuwaje?

Nendeni kliniki mtoto akiwa mzima. Bebeni pampu na chupa, mwonyesheni muuguzi mnavyopuliza, arekebishe mkono wenu pale pale; wengi wanakosea na hawajui. Mwombeni daktari aandike kwa Kiswahili, karatasi moja tu: dawa ya kila siku, mipulizo mingapi akibanwa, wakati gani wa kukimbilia hospitali. Pigeni nakala. Moja mlangoni kwa ndani, moja kwa mwalimu, moja kwa bibi yake. Na moja kwa dada wa kazi, anayeshinda na mtoto tangu alfajiri mpaka mrudi na foleni zenu za jioni. Huyo ndiye atakayekuwepo mtoto akibanwa saa tano asubuhi, na ndiye ambaye hamjawahi kwenda naye kliniki. Safari ijayo mlipieni nauli, aende, ashike pampu yeye mwenyewe mbele ya muuguzi.

Bibi yenu, muuguzi mstaafu,
Temeke